Besi yangu inanguruma lakini haisikiki: ninunue amplifaya kubwa?

"Shikamoo kaka. Napiga gitaa la besi huku Tanga. Ijumaa na Jumamosi niko hotelini na bendi ya watu sita, Jumapili niko kanisani. Gitaa langu ni la nyuzi nne, pasivu, yaani lisilo na betri, nililinunua kwa mtu. Nyumbani sauti ni tamu mno. Hotelini, kwa amplifaya yangu ya wati 100 yenye spika moja ya inchi 12, inabaki ngurumo tu. Mpiga solo ananiambia ananihisi tumboni lakini hajui napiga noti gani. Kitufe cha BASS nimeshakizungusha mpaka mwisho. Kanisani nachomeka moja kwa moja kwenye mikisa, na huko inakuwa nyembamba kama gitaa la ridhimu. Wenzangu wanasema ninunue gitaa la nyuzi tano lenye betri na amplifaya ya wati 500. Nimejibana nina laki saba. Nianze na kipi? Halafu, wiki mbili hizi nikigusa maiki kwa mdomo huku nimeshika nyuzi napigwa shoti ndogo, na nikirudi nyumbani masikio yanapiga mluzi mpaka asubuhi. Ndiyo kawaida ya kazi?"

Marahaba, mdogo wangu. Nitaanza na mkia wa barua yako, maana hizo laki saba hazitamfaa marehemu. Shoti ya mdomoni si kawaida ya kazi, hata iwe ndogo namna gani.

Nyuzi za besi yako zimeungwa na ethi (waya wa usalama unaokwenda ardhini) ya amplifaya, kupitia daraja la gitaa na ule waya wa jeki. Ganda la chuma la maiki limeungwa na ethi ya mikisa. Ethi ikiwa nzima pande zote mbili, ukishika nyuzi na kugusa maiki hakuna kinachopita mwilini mwako. Ukichomwa, ujue upande mmoja una umeme usiotakiwa kuwepo. Huenda soketi haina ethi. Huenda mtu amekata ule mguu wa tatu wa plagi ili iingie kwenye ekstensheni ya miguu miwili. Huenda chombo kimoja kinavujisha umeme kwa ndani. Leo umechomwa kidogo kwa sababu jukwaa lilikuwa kavu na umevaa raba. Siku ukisimama kwenye sakafu iliyolowa, shati limelowa jasho, umeme ule ule hautakuwa na huruma hiyo.

Kwa hiyo usijaribu tena kwa mdomo "kuona kama ipo". Usiimbe ukiwa na besi mkononi mpaka fundi umeme aje na mita yake apime soketi za jukwaani, ekstensheni, na vyombo vyenyewe kimoja kimoja. Hii si kazi yangu wala ya fundi mitambo wenu, hata akijiamini vipi. Wako watakaokushauri ukate ethi ya amplifaya ili mlio wa "mmmm" uishe. Wakatalie. Mlio huo una dawa yake nyingine, nitaitaja nikifika kwenye DI, kiboksi cha kuunganisha besi na mikisa. Nimewahi kukunja waya wangu na kukataa kupiga harusi kwa sababu hii. Mwenye ukumbi alininunia, na posho ya usiku ule sikuipata. Ningekataa tena.

Sasa turudi kwenye besi. Gitaa ni lile lile, lakini hotelini linalalamikiwa kuwa zito mno na kanisani kuwa jembamba mno. Gitaa bovu lingekuwa bovu kote. Wenzako wamemshtaki asiyehusika.

Fanya jaribio moja kabla hujasoma zaidi. Chukua simu, bila spika ya nje wala visikizi, ucheze rekodi za zamani za bendi ya Simba Wanyika. (Na hao ni watu wenu: ndugu wa Kinyonga walipita Jamhuri Jazz ya Tanga kabla ya kuvuka kwenda Kenya.) Sikiliza besi. Inasikika, sivyo? Unaweza hata kuiimba, noti kwa noti. Spika ya simu ni ndogo kama ukucha na haina uwezo wowote wa kutoa sauti nzito. Umeisikiaje?

Uzi wako wa E ukipigwa wazi hutetemeka mara 41 kwa sekunde. Lakini uzi hautetemeki kwa namna hiyo moja tu. Papo hapo unatetemeka kwa nusu zake, kwa theluthi zake, kwa robo zake, na kila sehemu inatoa sauti yake: 82, 123, 165, na kuendelea kupanda. Sikio la mtu linapozipata hizo za juu linapiga hesabu lenyewe kwamba mama yao ni 41, likakusikilizisha E hata kama 41 yenyewe haikutoka kwenye spika. Ndiyo maana wazazi wetu walisikia besi kwenye redio ya mkulima yenye spika ndogo kuliko sahani ya chai. Kinachomwambia msikilizaji "hii ni E, ile ni A" kinakaa kwenye sauti ya kati, kuanzia kama 200 hadi 800 na ushee. Chini ya 80 kuna uzito, kuna mtikisiko, kuna raha ya tumboni. Jina la noti halimo humo.

Wewe umezungusha BASS mpaka mwisho, na nina hakika MID, kitufe cha sauti ya kati, umeipunguza, kwa sababu nyumbani ilisikika vizuri hivyo. Usione aibu, sote tumepita hapo. Sikio la binadamu ni zito kwa sauti za chini kunapokuwa na utulivu. Watafiti Fletcher na Munson walilipima jambo hili Marekani na kulichapisha mwaka 1933. Ukipiga chumbani kwa sauti ya chini, usiku, jirani asije akagonga ukuta, sikio lako linaona besi imepungua, nawe unaiongeza. Ukifika hotelini ukapandisha sauti kubwa, uzito ule wa sikio unaondoka na besi yote uliyoongeza inakurudia kwa mkupuo. Ladha uliyoitengeneza kitandani haifai jukwaani. Hakuna gitaa la bei yoyote linaloweza kukuepusha na hilo.

Tena kuna upande wa nguvu. Ukiongeza sauti kwa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 3, amplifaya inadaiwa nguvu maradufu. Ukiongeza desibeli 10, inadaiwa mara kumi. Kitufe cha BASS cha amplifaya nyingi kikifika mwisho kinaongeza kama desibeli 12 hivi. Maana yake, noti iliyokuwa inahitaji wati 5 sasa inadai wati 80, na amplifaya yako ina 100 kwa jumla. Hapo ndipo inapoanza kukohoa, spika inarukaruka mbele na nyuma bila kutoa kitu, na wewe unadhani wati hazitoshi. Wati zilikuwepo. Umezitumia zote kupasha moto koili ya spika.

Na hizo 500 wanazokushauri? Kutoka 100 kwenda 500 unapata desibeli 7. Ili sikio likubali kwamba sauti imekuwa kubwa mara mbili linahitaji kama 10. Ungelipa mara nyingi zaidi usikike hata si mara mbili, na kwa marekebisho uliyonayo ungekuwa na ngurumo kubwa zaidi ya ile ngurumo. Kariakoo nako ukiona "wati 5000 PMPO" kwenye boksi, hizo ni wati za kunadia tu; geuza boksi utafute RMS, yaani wati za kweli. Wakati mwingine utakuta 60.

Jaribu hivi Ijumaa. Vitufe vyote viweke katikati, saa sita kamili. BASS irudishe nyuma kidogo, kama saa tano. MID ipandishe mpaka saa nane. Ukiwa peke yako utaichukia: itasikika kama mtu anayeongea kwa puani. Vumilia. Bendi nzima ikianza kupiga, ile pua inamezwa na magitaa na matoazi, kinachobaki ni noti. Nilichukua miaka kukubali kwamba sauti tamu ya peke yako na sauti inayofaa ndani ya bendi ni vitu viwili, na hata leo kabla ya kazi mkono unanivuta kupunguza MID.

Kisha angalia amplifaya umeiweka wapi. Najua: sakafuni, kwenye kona, nyuma ya mpiga drams. Kona inakuza sauti za chini, maana kuta mbili na sakafu vinazirudisha kwako kwa pamoja. Jukwaa la mbao lenye uwazi chini nalo ni ngoma, linatikisika na noti zake linazozipenda. Halafu spika iko usawa wa magoti, na sauti ya kati husafiri kwa kunyooka, kwa hiyo noti zako zinaisikilizisha suruali. Itoe konani hatua mbili, ipandishe juu ya kreti la soda, ilaze kidogo ikutazame usoni. (Kanisani kreti liwe la soda kweli.) Kuna siku nilisahau kreti nikatumia viti viwili vya plastiki. Katikati ya chemko viti vikaanza kutembea, na amplifaya ikashuka jukwaani kabla yangu.

Ukumbi pia una tabia zake. Wimbi la E wazi lina urefu wa mita 8 na kidogo, na la A lina kama 6. Mawimbi marefu hivyo yakigonga ukuta wa zege yanarudi na kukutana na yanayokuja. Mahali pengine yanajumlishana, pengine yanauana. Ndiyo maana utakuta noti moja, mara nyingi A au G, inalipuka ukumbi mzima huku ya jirani yake inakosekana. Usitibu jambo hili kwa kitufe cha BASS. Sogea mita moja uone, au noti ile ipige juu zaidi kwenye shingo, kwenye uzi mwingine. Baraza la makuti lililo wazi ufukweni halina shida hii. Ukumbi wa zege na bati, pole.

Kuna mtu mmoja hukumtaja, nami namshuku kuliko gitaa lako: mpiga kinanda. Ana mkono wa kushoto? Wapiga kinanda wengi wamezoea kupiga peke yao kwenye ibada na harusi, na mkono wa kushoto umeshazoea kufanya kazi ya besi. Ukijumlisha na kiki ya drams, mko watatu kwenye chumba cha mtu mmoja. Zungumza naye nje ya jukwaa, kwa heshima, tena mnunulie soda: mwombe kwenye nyimbo mbili tu anyanyue mkono wa kushoto au aupandishe oktavu moja. Hii ni bure, na nimeona ikileta mabadiliko kuliko chombo chochote nilichowahi kumshauri mtu anunue.

Tuje kanisani. Pikapu za gitaa pasivu hazina nguvu yao wenyewe, ni sumaku na waya mwembamba uliozungushwa mara maelfu. Zinataka kuchomekwa mahali pasipozinyonya, penye ukinzani mkubwa, kama omu milioni moja. Ndivyo amplifaya ya gitaa ilivyotengenezwa. Tundu la kawaida la mikisa ni la kinanda na CD, na ukinzani wake mara nyingi ni omu elfu kumi hivi. Ukichomeka besi pasivu hapo ni kama kuchota maji ya bomba lenye presha ndogo wakati jirani amefungua mabomba yote: kinachokufikia ni kichache na ladha imekwisha. Kwenye mikisa nyingine kuna tundu au kibonyezo kilichoandikwa Hi-Z. Mwombe fundi mitambo aangalie. Kama hakuna, dawa ni kiboksi cha DI. Besi inaingia upande mmoja, upande wa pili unatoka waya wa maiki mpaka mikisa. Kina pia swichi ndogo ya kuachanisha ethi ya waya wa sauti, na hiyo ndiyo dawa halali ya ule mlio wa "mmmm". Ethi ya umeme inabaki pale pale ilipo.

DI itakufaa hotelini pia. Amplifaya yako ya wati 100 haina wajibu wa kulisha ukumbi. Ni ya kwako na mpiga drams. Wageni walioko kwenye viti vya nyuma wapate besi kupitia spika kubwa. Mwambie fundi mitambo atazame kibonyezo cha kukata sauti za chini kwenye chaneli yako, huandikwa 75, 80 au 100. Kama spika za ukumbi ni kubwa na kuna sabufa, kiachwe. Kama ni zile za juu ya stendi peke yake, mwambie akibonyeze, hata kama unaona ni dhambi kumkatia mpiga besi besi. Spika zile zikiacha kuhangaika na 41 zisiyoiweza, zinatoa 100 na 200 kwa usafi, na sikio linajaza lililobaki.

Nyuzi ulibadilisha lini? Kwa hewa ya Raskazone, huko kwenu ufukweni, chumvi na jasho, seti ambayo Arusha ingedumu inakufa kwa muda mfupi. Uchafu ukiingia kati ya mizunguko ya uzi, zile sauti za juu ndogondogo zinakufa kwanza, na hizo ndizo zilizokuwa zinamtajia mpiga solo jina la noti. Kama seti mpya haijapatikana, zitoe za zamani, zichemshe kwenye sufuria kama dakika kumi, zikaushe kabisa, urudishe. Zitaamka kwa wiki kadhaa. Sufuria iwe yako. Mimi niliwahi kuazima ya mama mkwe, nikaja kununua nyingine. Baada ya kila kazi, futa kila uzi kwa kitambaa kikavu, juu na chini. Nyuzi bapa, zile zenye uso laini, ni habari nyingine. James Jamerson, yule mpiga besi wa kampuni ya rekodi ya Motown pale Detroit, alipiga Fender Precision yenye nyuzi bapa na hakuwa mtu wa kuzibadilisha, na besi yake imesikika dunia nzima. Lakini alikuwa na sauti ya kati mpaka kwenye ukucha. Ukizitaka, zitafaa rumba. Kwa kuanzia, kaa na za kawaida.

Gitaa la kununua kwa mtu pia lipelekwe kwa fundi. Kabla hujaenda, lipime mwenyewe. Tuni uzi wazi, halafu bonyeza freti ya 12 na utazame tuna (kipima tuni): isome noti ile ile. Ikisoma juu au chini, ukipanda shingo unapiga nje ya tuni na kinanda, na besi iliyo nje ya tuni kidogo haijulikani kama iko nje. Inaonekana tu "haieleweki". Kisha bonyeza uzi freti ya kwanza na ya mwisho kwa pamoja, uchungulie katikati, freti ya 7 au ya 8: nafasi iwe kama unene wa kadi ya biashara. Ikiwa kubwa sana au hakuna kabisa, shingo imepinda, jambo la kawaida kwa unyevu wa pwani. Chuma cha ndani ya shingo kinarekebishwa kwa robo ya mzunguko kila mara, na kama hujawahi kufanya, usianzie kwenye gitaa unalolilia ugali. Muone fundi, ukae pembeni uangalie.

Halafu mkono. Unapiga wapi kwenye uzi? Ukipiga karibu na shingo, sauti ni nene na laini; ukisogea kuelekea daraja, noti inapata kingo. Sogea sentimita tano nyuma usikilize. Na punguza nguvu. Ukiukwanyua uzi kwa hasira, unagonga freti na mlio wa kwanza unaumeza ule unaofuata. Mwache amplifaya afanye kazi ya nguvu.

Zaidi ya yote, kata noti zako. Hapa ndipo ninapotaka ukae wiki nzima. Wapiga besi wa dansi niliowaangalia nikiwa kijana, wengine wakipiga kwa dole gumba na shahada, kiganja kikiwa kimelala kidogo juu ya nyuzi, walikuwa na kitu kimoja: noti zao zilikuwa na mwisho. Besi ilisema neno, ikanyamaza, tumba zikapita kwenye uwazi ule, ikasema tena. Noti inayoburuzwa mpaka inayofuata inatengeneza zulia, na zulia likiwa sebuleni siku zote hakuna anayeliona. Piga noti, kisha legeza kidole cha kushoto bila kukitoa juu ya uzi. Anza na wimbo mmoja wa taratibu. Mpiga solo wako ataacha kuuliza.

Sasa nyuzi tano na betri. Sikatai. Gitaa lenye betri lina kiamplifaya kidogo ndani, kinafaa kwa waya mrefu na hata kuchomeka kwenye mikisa bila DI kinavumilika. Lakini betri ya volti 9 inaliwa muda wote waya ukiwa umechomekwa, hata kama hupigi. Mimi ilinifia bibi harusi akiwa mlangoni. Sauti ilianza kukwaruza, ikawa mbu, ikanyamaza, na MC akasema "tumpigie makofi bibi harusi" ili kunifichia aibu. Ukilinunua, chomoa waya kila ukipumzika na tembea na betri mpya mfukoni.

Uzi wa tano, B ya chini, ni mara 31 kwa sekunde. Amplifaya yako haiwezi kuitoa, na spika za stendi pia haziwezi. Faida yake ya kweli iko kanisani, pale mpiga kinanda anapohamisha wimbo kwenda E flat au D flat na wewe unabaki unatafuta noti ya chini usiyo nayo. Kama hilo linakutokea kila Jumapili, basi siku moja nunua. Kwa sasa unaweza kushusha uzi wa E mpaka D, au kupiga oktavu ya juu, na hakuna muumini atakayerudi nyumbani amepungukiwa.

Kwa hiyo laki saba: fundi wa gitaa, seti mpya ya nyuzi, waya mmoja mzuri wa jeki, DI aktivu (inayotumia betri au umeme wa mikisa), na viziba masikio vya wanamuziki. Kwa bei ninazozijua, vyote hivyo havitagusa nusu yake. Iliyobaki itunze. Ukipiga miezi mitatu hivyo na bado mpiga drams anakufunika, nitakubali kwamba wati 100 hazikutoshi, maana wapo wapiga drams wa namna hiyo. Hapo tafuta kichwa (amplifaya isiyo na spika) cha wati 300 hivi na kabati la spika mbili za inchi 10, hata kama limeshatumika, na usome nyuma: amplifaya iliyoandikwa 500 kwa omu 4 itakupa kama nusu yake au zaidi kidogo ukiiunga na kabati moja la omu 8. Waya wa kutoka kwenye kichwa kwenda kwenye kabati uwe wa spika. Ule wa gitaa hapo utapata moto.

Na masikio. Mluzi ni dalili kwamba yamechoshwa kupita kiasi. NIOSH, taasisi ya Marekani ya afya kazini, inapendekeza saa 8 kwa desibeli 85, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda unakatwa nusu. Kwenye 100, ambayo bendi ya watu sita inafika bila kutoka jasho, ni dakika 15. Wewe nakisia unapiga kwa muda wa saa nne hivi, na kwa kawaida mpiga besi anasimama upande wa toazi. Vaa viziba, hamia upande mwingine wa drams, na ile amplifaya ikikutazama usoni utaweza kuipunguza. Mluzi ukipita siku mbili, au ukaanza kuusikia hata siku ambazo hujapiga, nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo. Sikio moja likiziba ghafla, nenda siku hiyo hiyo, usingoje Jumatatu. Hukuniambia kuhusu mikono, lakini ukianza kuamka usiku dole gumba na vidole viwili vinavyofuata vimekufa ganzi, hilo nalo ni la daktari. Mimi nililichukulia kama uchovu, nikalipa kwa miezi miwili bila kazi.

Ijumaa, baada ya fundi umeme kupita, mpe mhudumu simu yako. Arekodi wimbo mmoja akiwa katikati ya ukumbi, si jukwaani. Simu haisikii vizuri sauti za chini, kwa hiyo noti utakazozisikia humo ndizo wageni wanazozisikia. Nitumie dakika mbili, na uniambie paa la ukumbi ni bati, makuti au zege.